Miezi Miwili ya Kujifunza Kutomsaidia Mbwa

Kila mwaka vyuo vikuu vya Marekani vinapofungwa, kati ya Juni na Agosti, baadhi ya maabara zinazochunguza akili za wanyama hupokea wanafunzi wa shahada ya kwanza kwa mafunzo ya utafiti ambayo kwa kawaida huchukua wiki nane hadi kumi. Wengi huomba nafasi hizo wakitarajia kushinda na mbwa, nyani au kasuku. Wanyama watawaona, lakini kazi itakayowatoa jasho ni kujizuia wasimpe mnyama jibu bila wao wenyewe kujua.

Tahadhari hiyo ilianza na farasi. Mjini Berlin, mwalimu mstaafu wa hesabu aliyeitwa Wilhelm von Osten alikuwa na farasi wake, Hans, aliyejibu maswali ya hesabu kwa kugonga ardhi kwa kwato. Tume ya wataalamu iliyoketi mwaka 1904 haikuona hila yoyote, na kwa kweli hila haikuwapo. Aliyelifumbua fumbo ni Oskar Pfungst, aliyekuwa akifanya kazi chini ya Profesa Carl Stumpf. Aligundua kwamba muulizaji asipolijua jibu, farasi naye halijui, na kwamba Hans akizuiwa asimwone muulizaji, hesabu zinampotea. Farasi alikuwa akiusoma mwili wa mtu: kichwa kikiinuka kidogo tu idadi inapotimia, naye huacha kugonga. Pfungst, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1907, aliona kwamba hata yeye, aliyekwisha kuijua siri, alishindwa kuizuia ishara hiyo.

Kwa sababu hiyo, jaribio linaloonekana kama mchezo wa watoto hupangwa kwa makini. Chukua lile la vikombe viwili. Mtafiti huficha kipande cha chakula chini ya kimoja, kisha hukionyesha kwa kidole ili kujua kama mbwa ataielewa ishara hiyo. Vikombe vyote viwili hupakwa harufu ya chakula kilekile. Mwenye mbwa huombwa afumbe macho au atazame pembeni, maana mkono ulioshika kamba nao unaweza kusema. Upande wa chakula hupangwa kabla, ili mbwa asishinde kwa mazoea ya kwenda kulia. Huwapo pia mizunguko ambayo mtafiti haonyeshi chochote. Mbwa akipatia nusu tu ya hiyo, tunajua kwamba pua haikumsaidia.

Jaribio hili lenyewe lina deni kwa mwanafunzi. Katika miaka ya 1990, Brian Hare alikuwa akisomea shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Emory, akimsaidia mwanasaikolojia Michael Tomasello, ambaye alikuwa ameona sokwe wakishindwa kuifuata ishara ya namna hiyo. Hare alimwambia kwamba mbwa wake wa nyumbani anaiweza, akaenda kumpima mbwa huyo, Oreo, katika gereji ya wazazi wake. Kwa maoni yangu, uzito wa kisa hiki uko katika vipimo vilivyofuata, kwa sababu wenye mbwa wanaosema "wangu anaelewa kila kitu" ni wengi mno.

Jaribio la dakika kumi huzaa saa nyingi za kukaa mbele ya kompyuta. Mwanafunzi hurudia video polepole, akiandika mbwa alitazama wapi na kwa muda gani. Kisha mwenzake, asiyejua jaribio lilikuwa la nini, hupima upya sehemu ya video hizo. Wawili hao wakitofautiana sana, kosa hutafutwa kwanza katika maelekezo waliyopewa.

Maombi mengi hufungwa kati ya Januari na Machi. Nafasi zinazolipiwa na REU, mpango wa utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza wa Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani, ni za raia na wakaazi wa kudumu wa nchi hiyo. Mwanafunzi wa kigeni aulize mapema kama maabara ina fedha nyingine, na asione haya kuuliza habari za posho na malazi. Katika barua ya maombi, "ninapenda sana wanyama" haitusaidii kumchagua mtu. Aliyewahi kuandika kwa wiki mbili saa ambayo kuku wa nyumbani kwao huingia bandani, na nani hutangulia, ametueleza mengi zaidi.

Aliye Tanzania anaweza kuiona kazi ya aina hii Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ambako shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu katika makohozi. Panya akisita juu ya sampuli iliyokwisha kuthibitishwa kuwa na vimelea, hupata chakula chake. Akisita juu ya ile ambayo kliniki iliiona salama, sampuli hiyo hurudishwa maabara na kupimwa tena kabla mgonjwa hajaambiwa lolote.