Je, wajua sinema zilivyomfanya Stalin aamini wakulima wake wameshiba?

Mwishoni mwishoni mwa utawala wake Stalin alitaka wakulima wa Usovieti waongezewe kodi ya ruble bilioni 40, wakati mwaka 1952 mashamba ya ushirika na wakulima wenyewe walipata ruble bilioni 26 na kitu tu kwa mazao yote waliyoipa na kuiuzia serikali. Yaani wauze kila kitu halafu bado wadaiwe! Sasa wazo kama hilo linatoka wapi? Khrushchev, aliyekuja kuongoza chama baada ya Stalin kufa, kwenye hotuba yake ya siri ya Februari 1956 ya kumkosoa Stalin alisema hivi, mzee alikuwa anavijua vijiji kwa kuviona kwenye filamu.

Na filamu alizipenda kwelikweli. Stalin alikuwa na ukumbi wake humo humo Kremlin, makao ya serikali Moscow, usiku kazi zikiisha anawachukua wakubwa wenzake wanaenda kuangalia, wakitoka hapo wanaenda kula kwenye nyumba yake nje ya Moscow mpaka karibu na alfajiri. Ile komedi ya 1938, Volga-Volga, aliirudia mara nyingi mno, na za macowboy wa Marekani alizipenda pia. Aliyekuwa anampelekea filamu ni waziri wa sinema Ivan Bolshakov, na huyu bwana alijua fika kwamba Boris Shumyatsky, aliyewahi kuongoza sinema kabla yake, alipigwa risasi 1938. Sasa nani angethubutu kumwonyesha kijiji chenye njaa?

Na njaa ilikuwepo. Ya 1946 na 1947 iliua watu wanaokadiriwa milioni 1 au zaidi, Ukraine, Moldova na Urusi kwenyewe. Halafu 1950 ikatoka filamu ya mwongozaji Ivan Pyryev kuhusu Makosaki, wakulima wa Kuban kusini mwa Urusi, gulio limefurika matikiti na bidhaa za kila aina, wakulima wanaimba tu. Khrushchev anasema kwenye filamu za namna hiyo meza zilipinda kwa uzito wa bata mzinga na bata bukini, na Stalin akaona ndo hali halisi, maana kijijini alikuwa hajakanyaga tangu Januari 1928 alipoenda Siberia kufuatilia nafaka.

Mimi naona Khrushchev naye alikuwa na sababu ya kumtupia marehemu mzigo wote, kwa sababu wakati wa njaa ile yeye ndo alikuwa mkubwa kule Ukraine, na taarifa za njaa Stalin alizipata. Lakini anayeagiza filamu za neema, akaletewa na watu wanaomwogopa, kisha akazitumia kupanga kodi, huyo anasikiliza sauti yake mwenyewe.

Uoga huo uliiumiza na sinema yenyewe. Februari 1947 Stalin alimwita usiku mwongozaji Eisenstein, aliyetengeneza filamu kuhusu Ivan wa Kutisha, mfalme wa zamani wa Urusi, akalalamika mpaka kwamba Ivan anambusu mkewe muda mrefu mno, na sehemu ya pili ya filamu hiyo ilibaki kabatini hadi 1958. Kufika 1951 nchi nzima ilitoa filamu kama 9 tu.

Ile kodi haikupita. Stalin alifariki Machi 1953, na Agosti mwaka huo huo serikali ya Malenkov, waziri mkuu mpya, ikawapunguzia wakulima kodi.