Nyota tano si cheti cha usalama: dhana potofu kuhusu ukaguzi wa makao ya wazee Marekani

Wasemaji wengi wa Kiswahili walioko Marekani wanayajua makao ya kutunzia wazee kwa ndani, kwa kuwa wamefanya kazi humo wakiwa wauguzi au wauguzi wasaidizi. Sasa wapo wanaoyaingia kwa mlango mwingine: mama amepata kiharusi, hospitali inataka kumruhusu keshokutwa, na familia imekabidhiwa orodha ya makao ichague mahali pa kumpeleka. Nilikuwa muuguzi katika timu ya wakaguzi wa jimbo, na siku hizi kazi yangu ni kuzisaidia familia za namna hiyo kuchagua. Kauli ninayoisikia mno, hata kutoka kwa watu waliosomea uuguzi, ni kwamba makao fulani yana nyota tano, kwa hiyo serikali imekwisha kuyakagua na hakuna haja ya kuhangaika zaidi.

Dhana: Nyota tano ni uthibitisho wa serikali kwamba makao ni salama

Mfumo wa nyota ulianzishwa mwaka 2008 na CMS, taasisi ya serikali kuu inayosimamia Medicare na Medicaid, yaani mipango ya serikali ya bima ya afya, na matokeo yake huonekana katika tovuti ya Care Compare. Nyota ya jumla, ambayo wengi huitazama kisha wakafunga ukurasa, hutokana na mambo matatu: ukaguzi wa afya, idadi ya wauguzi, na vipimo vya ubora. Kati ya hayo matatu, ni katika ukaguzi peke yake ambapo mtu asiyelipwa na makao huingia vyumbani, akafungua majalada, akatazama jinsi mkazi anavyogeuzwa kitandani na jinsi dawa zinavyogawiwa. Hesabu huanzia hapo. Makao yakipata nyota tano kwa upande wa wauguzi huongezewa nyota moja, na yakipata nyota tano katika vipimo vya ubora huongezewa nyingine. Kwa hiyo makao ambayo matokeo yake ya ukaguzi ni nyota tatu, yaani ya wastani tu, yanaweza kutundika bango la nyota tano mlangoni bila kuvunja sheria yoyote.

Sehemu inayonikera zaidi ni vipimo vya ubora, kwa sababu vingi hutokana na tathmini ya mkazi iitwayo MDS, na tathmini hiyo hujazwa na makao yenyewe. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago uliolinganisha madai ya malipo ya hospitali kwa Medicare na taarifa zilizojazwa na makao. Ulionyesha kwamba kati ya matukio ya wazee kuanguka na kuumia vibaya hadi kulazwa, ni asilimia 57.5 tu yaliyokuwa yameripotiwa na makao. Ukisoma katika tovuti kwamba mahali fulani watu hawaanguki, jiulize kwanza ni nani aliyehesabu. Ndivyo ilivyo pia kwa kipimo cha matumizi ya dawa za magonjwa ya akili. Kipimo hicho hakiwahesabu wakazi wenye ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia, kwa hiyo mkazi akiandikiwa ugonjwa huo dawa zake hazionekani katika hesabu, na mwaka 2023 CMS ililazimika kuanza kuyakagua makao ili kuona kama utambuzi huo una ushahidi katika majalada. Skizofrenia kwa kawaida hujitokeza katika ujana au utu uzima wa mapema. Mzee anayepewa jina la ugonjwa huo kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 80, baada ya kuhamia katika makao, na ambaye familia inajua kwamba alichokuwa nacho ni ugonjwa wa kusahau, anastahili kuulizwa habari zake siku hiyo hiyo: nani aliandika, lini, na kwa dalili zipi.

Kwa upande wa idadi ya wauguzi hali imekuwa bora. Zamani makao yalijieleza yenyewe. Tangu mwaka 2016 yanatakiwa kuwasilisha takwimu zinazotokana na orodha ya mishahara, na tangu 2022 hesabu ya nyota inazingatia pia wauguzi wa mwisho wa juma na kiwango cha wafanyakazi wanaoacha kazi. Hizo namba mbili za mwisho ndizo ninazozitazama kabla ya nyota yoyote. Mahali ambapo nusu ya wauguzi huondoka ndani ya mwaka, hakuna anayemjua mama yako vya kutosha kugundua kwamba leo amepungukiwa na maneno, au kwamba tangu jana hajamaliza chakula.

Jambo jingine ambalo familia huwa hazijaambiwa ni kwamba nyota za ukaguzi hutolewa kwa kulinganisha makao ndani ya jimbo moja. Asilimia 10 ya juu hupata nyota tano, asilimia 20 ya chini hupata nyota moja, na waliobaki hugawanywa katikati. Hata kama jimbo zima lina hali mbaya, wapo watakaopata tano. Anayetaka kumhamisha baba kutoka Ohio kwenda Minnesota au Texas ili awe karibu na wajukuu hawezi kupanga nyota za ukaguzi za majimbo hayo kana kwamba ni kipimo kimoja.

Kinachostahili muda wako ni ripoti yenyewe ya ukaguzi, inayoandikwa katika Fomu 2567. Sheria inayataka makao yaweke ripoti ya karibuni mahali ambapo mkazi na mgeni wanaweza kuifikia bila kuomba, na yatoe ripoti za miaka mitatu iliyopita kwa yeyote anayezitaka. Isome. Kila kasoro hupewa herufi, kuanzia A hadi L, kulingana na uzito wake na upana wake. D hadi F maana yake hakuna aliyeumia, ingawa madhara yangeweza kutokea. G hadi I maana yake mkazi ameumia kweli. J hadi L ni hatari inayotishia maisha na inayotakiwa kuondolewa mara moja. Familia hunijia zikiwa na hofu kwa sababu makao fulani yana kasoro kumi na mbili, na kumbe zote ni za D: tarehe isiyoandikwa katika chupa ya dawa, kifuniko cha chakula, mpango wa huduma uliochelewa kusasishwa. Wakati huo huo zimeridhika na makao yenye kasoro mbili tu, moja ikiwa ni J ya mkazi aliyetoka nje usiku bila mtu kujua. Tafuta herufi kuanzia G, kisha tafuta kosa linalojirudia mwaka hadi mwaka, kwa kuwa kosa linalojirudia linakuonyesha kwamba mpango wa marekebisho ulijazwa kwa ajili ya karatasi.

Ukishasoma, nenda Jumamosi jioni wakati wa chakula. Ziara ya Jumanne saa nne asubuhi, ukitembezwa na afisa wa masoko, haina faida. Karibu na mlango pawe na tangazo la siku hiyo linaloonyesha idadi ya wakazi na saa za kazi za wauguzi, nalo ni takwa la sheria. Lisome, kisha tembea koridoni uhesabu mwenyewe. Tazama ni nani anayelisha wasioweza kujilisha, na kama anaketi au amesimama juu yao. Tazama kama maji yako mahali mkono wa mgonjwa unafika. Bonyeza kengele ya kuita ukipewa ruhusa na mkazi, na uangalie saa yako.

Dhana: Wakaguzi hutoa taarifa kabla ya kuja

Hapana. Sheria ya mwaka 1987 inataka ukaguzi uwe wa kushtukiza, na iliweka faini ya hadi dola 2,000 kwa mtu anayefichua siku. Kilicho kweli ni kwamba ukaguzi wa kawaida hauwezi kuzidi miezi 15 tangu ule uliotangulia, hivyo meneja mwenye kalenda hukisia, na ukuta ukianza kupakwa rangi miezi kumi na moja baada ya ukaguzi uliopita wafanyakazi wote wanajua sababu.

Dhana: Pasiponuka pana usalama

Harufu ya mkojo isiyoisha ni dalili mbaya. Harufu nzuri haithibitishi lolote kuhusu dawa, vidonda wala maambukizi.

Dhana: Mzee akifungwa au akiwekewa reli za kitanda hataanguka

Dhana hii huletwa na watu wanaompenda mzee wao, na ndiyo maana ni vigumu kuiondoa. Mzee aliyechanganyikiwa hupanda juu ya reli na kuanguka kutoka mahali pa juu zaidi, au hunaswa shingo kati ya reli na godoro. Vifungo humdhoofisha misuli na kumletea vidonda vya kulalia, na sheria inavikataza isipokuwa kwa dalili ya kitabibu iliyoandikwa. Omba kitanda cha chini, upitiaji wa dawa zake, na ratiba ya kumpeleka msalani, kwa sababu wengi huanguka wakielekea huko.

Dhana: Makazi ya wazee yenye usaidizi (assisted living) hukaguliwa kwa sheria hizo hizo

Hayakaguliwi na CMS wala hayana nyota hizo. Kila jimbo lina kanuni zake, na ripoti huombwa katika idara ya jimbo husika.

Dhana: Ukilalamika, mama atafukuzwa

Mkazi hawezi kuondolewa kwa sababu familia yake imelalamika. Sheria inataja sababu chache tu za kumhamisha, kama vile kutolipa au mahitaji ya afya ambayo makao hayayawezi, na kwa kawaida inadai notisi ya maandishi ya siku 30 pamoja na haki ya kukata rufaa. Idara ya jimbo hupokea malalamiko hata kwa mtu asiyetaja jina, na kila jimbo lina ombudsmani, yaani mtetezi wa haki za wakazi, ambaye huduma yake haina malipo; namba zao za simu lazima zibandikwe ndani ya makao. Lalamiko lenye maana kwa mkaguzi huwa na tarehe, saa, namba ya chumba, kilichoonekana na nani alikuwapo. Kidonda kipigwe picha mkazi akikubali, na kila barua itolewe nakala. Malalamiko yaliyothibitishwa huingia katika hesabu ya nyota za ukaguzi, na tangu Oktoba 2019 makao yenye matukio fulani ya unyanyasaji yaliyothibitishwa na wakaguzi huwekewa alama nyekundu ya mkono katika Care Compare, na nyota zake za ukaguzi haziwezi kuzidi mbili.