Je, Wajua Kwa Nini Mbwa wa Kangal Hawali Kondoo Wanaowalinda?

Mtu anayemwona mbwa wa Kangal kwa mara ya kwanza, akiwa amejilaza katikati ya kundi la kondoo, huweza kudhani kwamba kuna mtu amesahau kufunga lango. Dume aliyekomaa huwa na uzito wa kati ya kilo 50 na 65, uso wake ni mweusi kana kwamba umepakwa masizi, na shingoni mara nyingi huvishwa mkanda wenye miiba ya chuma. Hata hivyo wanakondoo humrukia na kumkanyaga, naye hutulia tu. Ni kitu gani kinachomzuia?

Asili ya mbwa huyu ni wilaya ya Kangal katika mkoa wa Sivas, kwenye nyanda za juu za Anatolia nchini Uturuki, ambako majira ya baridi huleta theluji nyingi na kiangazi huwa kikali. Wafugaji wa huko hawakuhitaji mbwa wa kuswaga kondoo. Walihitaji mbwa wa kukesha nao, kwa sababu mbwa mwitu na dubu huja usiku. Miiba ya ule mkanda, basi, si pambo. Mbwa mwitu anapopigana hulenga koo, na miiba humnyima pa kuuma.

Hapa ndipo wengi huchanganya kazi mbili zilizo tofauti kabisa. Mbwa wa kuswaga, kama vile Border Collie wa Uingereza, huongoza kundi kwa kutumia silika ya uwindaji iliyokatizwa njiani: hukodoa macho, hunyemelea, hufukuza, lakini haui, na kondoo husogea kwa sababu wanamwogopa. Kwa Kangal silika hiyo ni dhaifu tangu kuzaliwa, kwani kwa vizazi vingi mbwa aliyewafukuza kondoo hakuwa na thamani kwa mfugaji. Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni malezi: kuanzia takribani wiki ya tatu hadi ya kumi na mbili ya maisha yake, kilebu hujifunza ni viumbe gani walio wenzake, na akiwekwa zizini katika kipindi hicho, harufu na sauti za mifugo humwingia kama za ndugu zake. Kipindi hicho kikipita bure, kukifidia baadaye ni kazi ngumu mno.

Ulinzi wenyewe si wa mapigano kama watu wanavyodhani. Kangal hubweka kwa sauti nzito, kisha husimama kati ya kundi na adui, na mara nyingi hilo hutosha. Nchini Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa Anatolia tangu mwaka 1994, ili wasilazimike kuwapiga risasi duma. Duma ana mwili mwepesi, na jeraha dogo la mguu laweza kumfanya ashindwe kuwinda na afe njaa, hivyo hupendelea kuondoka kuliko kupambana. Mbwa wa jamii hiyo wamejaribiwa pia katika vijiji vilivyo karibu na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha nchini Tanzania, ambako kibarua ni kizito zaidi kwa kuwa kuna simba na fisi.

Utunzaji wake unahitaji subira. Kilebu hukua haraka kuliko viungo vyake vinavyoweza kustahimili, na kwa kuwa mbwa wakubwa hukabiliwa na kasoro ya nyonga, hapaswi kunenepeshwa wala kukimbizwa kupita kiasi katika mwaka wa kwanza. Katika umri huohuo huingiwa na utundu wa kuwakimbiza mbuzi na kuwatafuna masikio kwa mchezo. Mfugaji asipomkemea mara moja, mchezo hugeuka mazoea. Manyoya yake ya tabaka mbili yasinyolewe hata penye joto, kwa sababu humkinga na jua pia. Yanahitaji kuchanwa, hasa wakati wa kupukutika. Kivuli, maji, dawa ya kupe na chanjo ya kichaa cha mbwa havina mbadala.

Kosa ambalo kwa maoni yangu ni baya kuliko yote ni kumnyima chakula kwa dhana kwamba mbwa wa zizini hujitafutia. Mbwa mwenye njaa huenda kuwinda, na akiondoka kundi hubaki peke yake. Wala si mnyama wa kufungiwa katika nyumba ndogo ya mjini: hubweka zaidi usiku, huamua mambo bila kungoja amri, na asipopata mbuzi wa kulinda atailinda ngazi ya ghorofa dhidi ya kila jirani anayerudi kazini.