Kipandikizi kinachorekebishika kwa mwanamme anayevujwa na mkojo

Mwanamme aliyetolewa tezi dume kwa sababu ya saratani anaweza kupona akabaki na jambo jengine: akikohoa, akinyanyua ndoo au akiinuka kutoka sijida, mkojo humtoka. Misuli inayobana mrija wa mkojo imelegea, na tumbo likijikaza haihimili. Haja inayomjia mtu ghafla asiwahi chooni ni maradhi mengine. Kipandikizi hiki, yaani kifaa kinachowekwa mwilini kuubana mrija, si dawa yake.

Kwetu Unguja na Pemba, aghlabu linalomkera mwanzo ni twahara. Fiqhi ya Shafi imempa njia: ajisafishe, ajifunge kitambaa, atawadhe kila wakati wa sala ukiingia, asali bila kuchelewa. Wapo wanaotosheka na ruhusa hiyo wakanyamaza miaka, na ruhusa haijamkataza mtu kujitibu.

Tiba huanza na mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga. Wengi hupata nafuu ndani ya mwaka wa kwanza, ndiyo maana madaktari hawakimbilii kisu.

Asiyepata nafuu anaweza kuwekewa kifaa cha silikoni. Kiitwacho ATOMS ni kimto kinachokaa chini ya mrija na kuubana. ProACT ni viputo viwili, kimoja kila upande, karibu na shingo ya kibofu. Vyote hutiwa maji kupitia kidude kilichofichwa chini ya ngozi ya mfuko wa korodani. Daktari hukidunga kwa sindano nyembamba, akaongeza maji au akayapunguza, bila kupasua tena.

Faida yake iko hapo. Mezani mgonjwa kalala usingizi wa dawa, hakohoi wala hatembei, kwa hiyo daktari hukisia. Akibana kidogo, mkojo utaendelea kuvuja. Akibana mno, hautatoka. Basi hufanya kama fundi anayeacha upindo kwenye kanzu: hurekebisha baadaye, mwenyewe akishatembea na kusali. Kuna pia kifaa chengine ambacho mgonjwa hukiminya kila akitaka kukojoa. Hivi vya kutiwa maji mgonjwa havigusi, afadhali kwa mzee mwenye vidole vigumu.

Hatari zipo: maambukizi, kifaa kuhama, au kuula mrija, hasa kwa aliyepigwa mionzi. Hapo huenda kikatolewa.

Na sindano ya marekebisho mara nyingi si moja. Anayesafiri mbali kwenda kuwekewa aulize kabla hajalipa: nikisharudi Wete, nani atanitia maji?