Kabla hujabadilisha betri, chungulia tundu la chaji

"Kaka, nibadilishie betri, simu haiingizi chaji." Kauli hii huisikii kwa fundi mmoja tu, ni ya kila kibanda, kuanzia Stendi Ndogo ya Arusha hadi Mbuyuni, Moshi. Mara nyingi betri yenyewe haina kosa. Umeme unapita kwenye kichwa cha chaja, kisha waya, kisha tundu la simu, ndipo unaifikia betri. Mimi huanza na tundu, kwa sababu kuliangalia ni bure.

Vumbi la kiangazi la huku kwetu ni jepesi na linaingia popote. Likikutana na nyuzi za mfuko wa suruali au mkoba, kila unapochomeka waya unazisukuma ndani na kuzishindilia. Waya mzima wa Type-C (ule wenye ncha inayoingia upande wowote) ukiingia hadi mwisho unausikia ukibofya, na hauchezi. Ukiona unagota mapema, chuma chake kinabaki nje kama milimita moja, na simu inachaji tu ukiukunja upande fulani, basi uchafu uko ndani.

Zima simu. Chukua kijiti cha kuchokolea meno, cha mbao, ukichonge kwa wembe hadi kiwe bapa na kisizidi unene wa kadi ya laini. Mulika tundu kwa tochi: katikati utaona ulimi mwembamba wenye miguso (vile vipande vya chuma vinavyopitisha umeme), juu na chini yake kuna nafasi. Pitisha kijiti kwenye nafasi hiyo, ukiegemea ukuta wa nje na siyo ulimi, fika mwisho kisha vuta kuja nje. Rudia pande zote. Litatoka donge la kijivu, gumu kuliko ulivyotarajia. Usitumie sindano wala pini: zinakwangua miguso au kuigusanisha na kuleta shoti, maana betri bado ina umeme hata simu ikiwa imezimwa. Na usipulize kwa mdomo, unaongeza mate.

Ukiona rangi ya kijani au bluu kwenye miguso, hiyo ni kutu ya shaba. Hutokea tundu lenye maji au jasho linapochomekwa kwenye chaji. Hapo kijiti hakisaidii. Fundi atasafisha kwa spiriti kali na brashi laini, na ikishindikana atabadilisha sistimu chaji, yaani tundu lenyewe. Muulize kwanza kama kwenye simu yako tundu limekaa kwenye kibao chake kidogo cha chini au limechomelewa kwenye bodi kuu. La kwanza ni kazi nyepesi. La pili linataka mkono uliozoea, na bei yake haifanani. Simu ikiloa, izime, uielekeze tundu chini mahali penye hewa hadi ikauke. Habari ya kuizika kwenye mchele iacheni. Apple wenyewe wanaonya kwamba chembe za mchele zinaweza kuiharibu simu.

Tundu likiwa safi, shuku waya. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu waya zote za USB zikiwa mpya zinafanana kwa nje. Tofauti iko kwenye unene wa shaba ya ndani. Waya mwingine huwa umeandikwa, kwa herufi ndogo sana, 28AWG au 24AWG. AWG ni kipimo cha unene wa waya: namba ikiwa ndogo, shaba ni nene zaidi. Waya wa mita moja wa 28AWG, ukihesabu kwenda na kurudi, una ukinzani, yaani kizuizi cha umeme, wa karibu omu 0.43. Simu ikivuta ampia 2, volti 0.86 zinaishia njiani kama joto: kichwa kinatoa volti 5, simu inapokea 4.14. Betri ikijaa yenyewe ina volti 4.2 au zaidi, kwa hiyo simu inapunguza kuvuta ili volti zisishuke, na wewe unaona chaji haisogei. Kwa 24AWG, urefu uleule, hasara ni kama volti 0.34 tu. Ule waya wa mita tatu ulionunua ili uchezee simu kitandani unazidisha hasara mara tatu. Kama huna sababu ya msingi, nunua wa mita moja.

Kichwa nacho kina maandishi ambayo watu hawayasomi. Acha mstari wa INPUT, huo ni umeme wa ukutani, na vichwa vingi vinakubali volti 100 hadi 240. Soma OUTPUT. Zidisha volti kwa ampia upate wati: 5V na 2A ni wati 10, 9V na 2A ni wati 18. Kichwa kikiwa na wati nyingi kuliko mahitaji ya simu hakiiunguzi, kwa sababu simu ndiyo inayoamua ivute kiasi gani. Ila fasta chaji haiendi kwa wati peke yake. Simu na kichwa huzungumza kwanza kupitia waya, na kampuni nyingi zina utaratibu wao. Kichwa kikubwa cha simu moja ukikiunganisha na simu ya kampuni nyingine mara nyingi hurudi kwenye volti 5 za kawaida. Hakijaharibika, hawajaelewana tu. Kichwa chepesi mno kisicho na maandishi yoyote ya OUTPUT, mimi siweki simu yangu hapo hata kwa nusu saa.

Sasa pima. Simu yenye betri ya mAh 5,000 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri), kwa kichwa cha wati 10 na waya mzuri, inatoka asilimia 20 hadi 50 kwa dakika 40 hivi ikiwa huitumii. Ikichukua saa moja na nusu, badilisha kitu kimoja, upime tena: waya kwanza, kisha kichwa, kisha soketi. Ukibadilisha vyote kwa mpigo hutajua kilichokuwa kibovu, na utaendelea kukitunza ndani. Usipimie kuanzia asilimia 80 kwenda juu. Hapo simu hupunguza mwendo makusudi ili kulinda betri, na dakika za mwisho huwa ndefu hata kwa simu iliyotoka dukani leo. Joto pia hupunguza mwendo: mchana wa Februari Moshi, simu iliyochomekwa juu ya dashibodi ya Noah inajizuia kuchaji, na inafanya vizuri.

Vyote hivyo vikipita, ndipo betri. Dalili zake ni nyingine kabisa: inaruka kutoka asilimia 40 hadi 12, inazimika ukifungua kamera, au mfuniko wa nyuma umeanza kuinuka. Huo uvimbe ni gesi. Usiiminye, usiitoboe, usiichaji tena. Ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo.

Kuhusu pawabenki, wengi wanalalamika kwamba ya mAh 20,000 haijazi simu ya mAh 5,000 mara nne. Haiwezi. Hizo mAh 20,000 zimehesabiwa kwa volti 3.7 za seli za ndani, yaani wati-saa 74. Kupandisha hadi volti 5 kunakula kiasi, na simu nayo inapoteza kiasi ikipokea. Tarajia mara mbili na nusu hivi. Feki utaigundua kwa uzito. Seli moja ya duara ya aina ya 18650 ina gramu 45 hivi na hubeba kama mAh 2,000 hadi 3,500, kwa hiyo 20,000 ya kweli kwa kawaida ina gramu 300 au zaidi. Ukiuziwa "50,000" inayokaa kiganjani na nyepesi, umenunua namba.

Wanaopanda Mlima Kilimanjaro wana tatizo lao. Baridi inaongeza ukinzani ndani ya betri, volti zinashuka, simu inazimika ikiwa na asilimia 30. Chaji haijaenda popote. Usiku wa kutoka kambi ya Kibo, mita 4,720, kwenda kilele cha Uhuru, mita 5,895, weka simu na pawabenki mfuko wa ndani karibu na mwili, na ulale navyo kwenye begi la kulalia. Ikizimika, ipashe kwanza joto la mwili, kisha uiwashe. Usiichaji ikiwa ya barafu: chini ya nyuzi 0 madini ya lithiamu hujitandaza ndani ya betri na kuiumiza moja kwa moja. Na mgeni wako akiwa anarudi kwao kupitia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), mwambie pawabenki iende naye kwenye begi la mkononi, kamwe isiingie kwenye mzigo wa chini ya ndege. Hadi wati-saa 100 kwa kawaida hahitaji kibali cha shirika la ndege, na ile ya 20,000 iko ndani ya kiwango.