Pakiti ni nini? Waulize punda wa Amu

Dukani kila mtu aijua pakiti: ya maziwa, ya majani ya chai. Kwenye mitandao ya kompyuta, pakiti ni kipande cha data kilichokatwa kutoka ujumbe mkubwa, kikaandikwa anwani, kikatumwa peke yake. Ukimtumia shangazi yako wa Mombasa picha ya megabaiti 3, haisafiri picha. Zinasafiri pakiti zaidi ya 2,000, kwa kuwa pakiti moja kwa kawaida haizidi baiti 1,500, na sehemu ya nafasi hiyo huliwa na maandishi ya anwani.

Mbona kukata? Aliyewahi kujenga Amu, yaani mji wa Lamu, hahitaji maelezo marefu. Mchanga, mawe na saruji hushushwa gatini, na nyumba yenyewe iko ndani Mkomani, kwenye vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu. Shehena nzima haipiti kwa mkupuo mmoja. Hugawanywa kwenye shogi, kila punda na anachokiweza. Wakiondoka kumi, wanne watafuata Usita wa Mui, njia kuu ya mji, waliobaki watakatia nyuma kwa sababu mbele pana arusi. Wa saba atafika kabla ya wa pili, na haidhuru, maana fundi anangoja mzigo, hangoji foleni. Tena katikati ya punda wako watapita punda wa jirani, njia ile ile, bila ugomvi.

Hilo la jirani ndilo kubwa. Simu za zamani zilimkabidhi mpigaji laini nzima mpaka akate, hata kama wote wawili wamenyamaza. Ni sawa na kuufunga mtaa kutwa kwa ajili ya mifuko mitano ya saruji. Katika miaka ya 1960 watu wawili walifikia wazo la kukatakata ujumbe, kila mmoja kivyake. Paul Baran wa Marekani alitafuta mtandao utakaoendelea kufanya kazi hata sehemu yake ikishambuliwa. Donald Davies wa Uingereza alitaka kompyuta nyingi zitumie laini moja kwa zamu. Jina la pakiti ni la Davies, na husimuliwa kwamba alishauriana kwanza na mtaalamu wa lugha, apate neno litakaloingia lugha nyingine bila tabu. Kwetu liliingia bila hata kubisha hodi. Tarehe 29 Oktoba 1969 ARPANET, mtandao wa utafiti wa Marekani uliotangulia intaneti, ulipeleka ujumbe wake wa kwanza kutoka Los Angeles: neno la herufi tano. Zikafika mbili, mfumo ukaanguka.

Kila pakiti ina kichwa chenye anwani ya mtumaji na ya mpokeaji, pamoja na namba ya kumwonyesha mpokeaji kipande hiki kikae wapi. Njiani, kwenye kila njia panda, kuna ruta, kifaa cha kuelekeza pakiti. Wengi hudhani ruta inaijua safari yote mpaka mwisho. La. Ruta ni kama mzee aliyekaa dakani, mgeni akamuuliza nyumba ya fulani: "Nenda hivi mpaka kisimani, hapo uulize tena." Mzee wa kisimani naye ana lake, na wa mbele lake. Mgeni atafika, ingawa hakuna hata mmoja aliyemchorea ramani. Kichochoro kimoja kikizibwa, wazee humwelekeza kwingine, naye hajui kama palizibwa.

Je, wazee wakielekezana vibaya, mgeni akawa anazunguka? Kichwani mwa pakiti mna hesabu, mara nyingi inaanzia 64, na kila ruta huipunguza moja. Ikifika sufuri, pakiti hutupwa. Ni ukatili, lakini bila hivyo njia zingejaa pakiti zinazozurura kama wale punda wa usiku tunaowajua.

Mfano wangu unakatikia hapa. Punda akitumbukia baharini na saruji, umekula hasara. Pakiti ikipotea, nakala bado iko kwa mtumaji. Mpokeaji hukiri kila kinachofika, na kisichokiriwa hutumwa upya. Makubaliano ya namna hiyo huitwa itifaki, na hii ya kukiri na kurudia ni TCP. Inafanya kazi pamoja na IP, inayoshughulika na anwani. Mizizi ya zote mbili ni kazi ya Wamarekani wawili, Vint Cerf na Bob Kahn, iliyochapishwa 1974, na ARPANET ilihamia kwazo tarehe 1 Januari 1983.

Lakini kurudia huchukua muda, na mazungumzo hayangoji. Kwa hiyo simu za intaneti kwa kawaida hutumia itifaki nyingine, UDP, isiyodai kukiriwa wala kurudia. Kipande kilichopotea kimepotea. Ndiyo maana mtandao ukiwa mbovu picha ya shangazi hukawia, kisha ikafika nzima, hali ndugu yako akipiga kutoka Jeddah sauti yaja papo hapo ikiwa na matundu: "Mwambie mama nita... Ijumaa." Atakuja, atapiga, au atatuma? Hapo itabidi umuulize mwenyewe, maana mtandao haurudi nyuma kulifuata neno hilo.