Kutangaza kuwa mafaili yamevuja sio kumwanika mgonjwa

Jamani nimetoka Masasi juzi kufundisha watu wa masjala na maabara, somo la nini cha kufanya taarifa za wagonjwa zikivuja halijafika hata nusu mtu keshanyoosha mkono, "sasa tukitangaza si ndo tunawaanika wagonjwa wetu?" Newala niliulizwa hivohivo, Nachingwea hivohivo, nimechoka kujibu kwa mdomo ndo maana naandika.

Hakuna anayekwambia ubandike majina ukutani! Unachosema ni kitu gani kimetoka, lini, watu wangapi wameguswa na wafanye nini. Marekani wizara yao ya afya ina orodha ya wazi, tukio likigusa watu 500 au zaidi linawekwa pale, unakuta jina la hospitali, idadi ya watu, na taarifa zilitokaje, kama ni laptopu iliyoibiwa au seva iliyodukuliwa, ila jina la mgonjwa hulioni hata moja. Wagonjwa wenyewe wanaandikiwa barua kila mtu na yake, tena zisipite siku 60 toka uvujaji ugundulike.

Sasa chukua huku kwetu, rejista ya wodi imepigwa picha, ina jina, namba ya simu ya ndugu, mpaka kitanda. Jioni kijana yuko Tandahimba anapigiwa, "mimi daktari, mama yako anahitaji dawa haraka, tuma laki na nusu namba hii", na kwa vile jina ni lenyewe na wodi ni yenyewe anatuma hela ya korosho bila kuuliza. Angeambiwa asubuhi kwamba namba zimetoka asingetuma hata mia. Nyie mlionyamaza mnasema mmemlinda, mmemlinda na nini?

Wengine wanasema kuvuja ni mpaka mdukuzi aingie. Hapana, picha ya rejista kwenye grupu la wasapu ni kuvuja, flashi iliyosahaulika kwenye bajaji nayo ni kuvuja.

Na eti Tanzania hakuna sheria. Ipo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kazi tarehe 1 Mei 2023, habari za afya zimo kwenye taarifa nyeti, zikivuja unaijulisha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mapema iwezekanavyo, na kusubiri mganga mfawidhi arudi safari sio mapema.

Mkiwapigia wagonjwa tumieni namba moja ya kituo inayojulikana, msipitishe ujumbe kwa jirani wala mwenyekiti wa mtaa, na ugonjwa msiutaje kabisa kwenye simu, maana simu huku inapokelewa na yeyote aliyekaa karibu nayo.